Mchagua Nazi: Historia ya Kuwapima Makwotabeki

Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Kila aliyewahi kusimama mbele ya fungu la nazi sokoni anaujua mchezo wenyewe. Unaokota moja, unaitikisa sikioni usikie maji, unaigonga kwa kucha, unaipima uzito mkononi, unairudisha, unachukua nyingine. Muuzaji anakutazama tu, hana haraka. Ukweli utaujua nyumbani, ukishaivunja.

Leo nataka kuzungumza juu ya watu ambao kazi yao ya kila siku ni hiyo hiyo, ila wanachokitikisa ni vijana wa miaka 21 au 22, na bei ni mamilioni ya dola. Ni wasaka vipaji wa futiboli ya Kimarekani, na hasa wale wanaomtafuta kwotabeki. Sasa kabla hujafunga ukurasa ukisema mchezo huo unakuhusu nini, nivumilie kidogo. Sina nia ya kukufundisha sheria zake, maana hata mimi zilinichukua miaka. Kinachonivuta ni habari ya mtu mmoja kumtazama mwenzake na kuamua kama ana akili ya kuongoza. Aliyewahi kukaa mbele ya jopo la usaili, akaona mmoja wa waliokaa mbele yake keshaamua kabla hajafungua mdomo, anaijua habari hii bila kufundishwa.

Kwa ufupi basi. Kila timu ina watu 11 uwanjani. Timu inaposhambulia, mpira unaanzia mikononi mwa mmoja wao, naye ndiye kwotabeki. Ana sekunde mbili tatu za kusoma walinzi wamejipanga vipi, kuamua nani apewe, na kurusha, huku majitu ya kilo 130 yakimjia kumwangusha. Timu yenye kwotabeki mzuri ina matumaini hata ikiwa mbovu kwingine. Isiyo naye huhangaika miaka.

Na timu humpata wapi? Wengi hutoka vyuoni, kupitia utaratibu unaoitwa drafti. Sisemi ile drafti ya vizibo vya soda inayochezwa vibarazani, ingawa nayo hii ina kula na kuliwa. Mara moja kwa mwaka timu za NFL, ambazo leo ni 32, hukaa na kugawana vijana kwa zamu. Iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita huchagua kwanza. Kijana hana sauti kubwa katika jambo hili: timu ikishamtaja, kwenye ligi hiyo haki ya kumsajili ni yake.

Ubao wa Philadelphia

Drafti ya kwanza ilifanyika tarehe 8 Februari 1936, katika hoteli ya Ritz-Carlton mjini Philadelphia. Wazo lilikuwa la Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, timu iliyokuwa ikipigwa kama ngoma huku wenye nguvu wa Chicago na New York wakisomba vijana bora kila mwaka. Hoja yake ilikuwa nyepesi: aliye dhaifu achague kwanza, ligi nzima itapona. Wenzake wakakubali.

Ubaoni yaliandikwa majina 90. Timu zilikuwa tisa, raundi tisa, kwa hiyo vijana 81 wakachaguliwa. Wa kwanza kabisa alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyekuwa ametawazwa mchezaji bora wa vyuo mwaka 1935. Eagles walimchagua, kisha wakaikabidhi haki yake kwa Chicago Bears. Mazungumzo ya mshahara yakakwama, na Berwanger hakucheza NFL hata dakika moja. Yaani nazi ya kwanza kabisa kuchaguliwa katika historia ya drafti haikuvunjwa kamwe.

Majina yale 90 yalitoka wapi? Magazetini, kwa makocha waliojuana, kwenye tetesi. Timu nyingi hazikuwa na mtu wa kulipwa kwa kazi ya kwenda kutazama vijana. Ilikuwa ni katika miaka ya 1940 ndipo Rams, waliohamia Los Angeles, walipomtuma Eddie Kotal azunguke nchi nzima kwa kazi hiyo, na wengine wakaanza kuiga.

Hata hivyo kutazama ni jambo moja, kuona ni jingine. Mwaka 1955 Pittsburgh Steelers walimchagua, katika raundi ya tisa, kijana wa mji wao wenyewe aliyetoka Chuo Kikuu cha Louisville. Jina lake Johnny Unitas. Kabla msimu haujaanza walimwacha bila kumpa mechi hata moja, na simulizi inayorudiwa hadi leo ni kwamba kocha alimwona hana akili ya kutosha kuendesha timu. Unitas akaenda kufanya kazi za ujenzi na kucheza mpira wa mitaani kwa dola chache kwa mechi. Mwaka 1956 Baltimore Colts wakamchukua. Desemba 1958, katika fainali iliyokwenda muda wa ziada, aliwaongoza kuwafunga New York Giants 23 kwa 17, mechi ambayo Wamarekani bado wanaizungumza kama sisi tunavyozungumza watani wa jadi.

Naomba uweke akilini mambo mawili: Louisville na Baltimore. Na pia hilo neno, akili. Tutarudi.

Mashine na mtu wa kriketi

Dallas Cowboys walianza mwaka 1960, na viongozi wao, Tex Schramm na Gil Brandt, walichoka mapema na biashara ya kubahatisha. Wakaenda kwa watu wa kompyuta, enzi ambazo kompyuta ilikuwa inajaza chumba. Waliyempata ni Salam Qureishi, mtakwimu kutoka India aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni tanzu ya IBM. Mchezo alioujua yeye ni kriketi. Futiboli ya Kimarekani ilikuwa kwake kama bao lilivyo kwa mtu wa Norway.

Ugeni ule ulimsaidia. Aligundua kwamba tatizo la kwanza lilikuwa lugha. Msaka vipaji mmoja akiandika kwamba kijana ni "mwepesi", na mwingine akiandika "mwepesi", hawasemi kitu kimoja. Basi Dallas wakatengeneza fomu zenye maswali ya kufanana kwa wote, na sifa zikapunguzwa hadi chache zinazopewa alama: wepesi wa mwili, nguvu, moyo wa ushindani, uchangamfu wa akili, tabia. Alama zikaingia kwenye mashine, mashine ikatoa orodha.

Katika drafti ya 1964 Dallas walifanya chaguzi ambazo bado zinatajwa. Raundi ya saba walimchagua Bob Hayes, ambaye baadaye alitwaa dhahabu ya mita 100 Olimpiki ya Tokyo. Raundi ya kumi walimchagua kwotabeki Roger Staubach wa chuo cha jeshi la majini. Kila mtu alijua Staubach ni hodari. Ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa vyuo mwaka 1963. Ila alikuwa na deni la miaka ya utumishi jeshini, na timu nyingine hazikuwa na subira. Dallas wakasubiri. Alipelekwa Vietnam, akarudi, akajiunga nao 1969, akawapa Super Bowl mbili. Hapo sijui kama tuisifu mashine au subira. Nadhani subira.

Lakini fomu ina ujanja wake. Inakuuliza iliyoandikiwa kuuliza, basi. Ile sifa ya "uchangamfu wa akili" haikupimwa kwa saa ya mkononi kama mbio. Mtu alimtazama kijana, akaandika namba. Na namba ikishaandikwa, inaonekana safi, kama vile haikutoka kwenye kichwa cha mtu.

Safu ambayo haikuwa kwenye fomu

Katika miaka hiyo kulikuwa na kanuni isiyoandikwa popote, ila kila mtu aliifuata. Mchezaji Mweusi anaweza kukimbia, anaweza kudaka, anaweza kukaba. Ila nafasi za kufikiri, hasa kwotabeki, ni za Wazungu. Kijana Mweusi aliyekuwa kwotabeki bora chuoni alipofika kwenye ligi aliambiwa: wewe una mwili mzuri, tutakufanya mpokeaji. Wamarekani waliliita hilo kubadilishwa nafasi. Kwa kweli lilikuwa ni kuvuliwa.

Marlin Briscoe alitoka Chuo Kikuu cha Omaha. Mwaka 1968 Denver Broncos walimchagua raundi ya 14 awe mlinzi wa nyuma. Briscoe, ambaye hakuwa mrefu na hakuwa na jina kubwa, alikuwa na kitu kimoja: alisoma mkataba. Alikubali kusaini kwa sharti kwamba apewe siku tatu za majaribio kama kwotabeki mbele ya watu. Wakampa, kisha wakamrudisha kwenye ulinzi. Msimu ulipoanza kwotabeki wao akaumia, mbadala akashindwa, na tarehe 6 Oktoba 1968 Briscoe akaanza mechi. Ndiye Mweusi wa kwanza kuanza kama kwotabeki katika zama mpya za futiboli ya kulipwa. Msimu ule alirusha pasi 14 za tachidauni, yaani pasi zilizozaa mabao.

Mwaka uliofuata hakupewa nafasi ya kugombea namba yake. Akaomba aachiwe, akaenda Buffalo, akafanywa mpokeaji. Akawa mpokeaji hodari, hata akawemo katika kikosi cha Miami cha 1972 kilichomaliza msimu bila kufungwa. Ukitaka, unaweza kusema mambo yaliishia vizuri. Lakini ukwotabeki wake ulikwisha akiwa kijana wa miaka 23, na haukukwisha kwa sababu alishindwa.

Mwaka huo huo wa 1968, Oakland Raiders walimchagua Eldridge Dickey wa Tennessee State katika raundi ya kwanza, kwotabeki Mweusi wa kwanza kuchaguliwa juu hivyo. Raundi ya pili wakamchagua kwotabeki mwingine, Ken Stabler, Mzungu. Dickey akageuzwa mpokeaji. Stabler yumo leo katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo.

Sasa njoo mwaka 1978, maana hapo pana funzo. Januari ya mwaka huo Warren Moon wa Chuo Kikuu cha Washington aliiongoza timu yake kuifunga Michigan katika Rose Bowl, akatangazwa mchezaji bora wa mechi. Kwa Mzungu mwenye mkono ule hiyo ingekuwa tiketi. Wasaka vipaji walimwambia Moon abadilishe nafasi. Akakataa. Akaona upepo unakovuma, akaenda zake Edmonton, Kanada. Drafti ya mwaka ule ilikuwa na raundi 12, vijana zaidi ya 300 wakatajwa, jina lake halikutajwa. Kule Kanada alitwaa ubingwa mara tano mfululizo. Aliporudi Marekani mwaka 1984, akaenda Houston, na ligi iliyomkataa ikalazimika kumlipa fedha nzito. Mwaka 2006 aliingia Jumba la Mashujaa, kwotabeki Mweusi wa kwanza humo.

Drafti hiyo hiyo ya 1978 ilikuwa na Doug Williams wa Grambling, chuo cha Weusi huko Louisiana kilichokuwa chini ya kocha Eddie Robinson. Wengi walimjua Williams kwa takwimu tu. Tampa Bay walimtuma kocha msaidizi aitwaye Joe Gibbs aende mwenyewe. Gibbs akaenda, akakaa na kijana, akazungumza naye mpira, akarudi na ripoti kwamba huyu ana mkono na ana kichwa. Tampa wakamchagua wa 17, raundi ya kwanza, na kumwacha hapo hapo kwenye nafasi yake ya kwotabeki.

Miaka kumi baadaye watu hao wawili walikuwa pamoja Washington, Gibbs akiwa kocha mkuu. Hii Washington ndiyo timu iliyokuwa ya mwisho katika ligi nzima kukubali mchezaji Mweusi, mwaka 1962. Tarehe 31 Januari 1988, katika Super Bowl ya 22, walikuwa nyuma 10 kwa 0 dhidi ya Denver, na Williams alikuwa ameumia goti. Katika robo ya pili pekee alirusha pasi nne za tachidauni. Mechi ikaisha 42 kwa 10, naye akawa mchezaji bora. Ile safari ya Gibbs kwenda Grambling haikuhitaji kompyuta wala saa. Ilihitaji mtu akae kitako na kijana, amsikilize.

Saa, mizani na maswali 50

Hata hivyo ligi iliipenda saa zaidi. Kuanzia mwaka 1982 timu zilianza kuwakusanya vijana mahali pamoja wapimwe na madaktari na makocha, na tangu 1987 kambi hiyo ya vipimo imekuwa Indianapolis. Vijana hupimwa urefu, uzito, hata upana wa kiganja. Hukimbia yadi 40, ambazo ni kama mita 36 na nusu. Huruka juu, huruka mbele. Na kwa miongo mingi walipewa jaribio la Wonderlic: maswali 50, dakika 12, jaribio lililobuniwa miaka ya 1930 kwa ajili ya waajiri wa kawaida. Ligi iliachana nalo mwaka 2022.

Nazi ilitikiswa, ikagongwa, ikapimwa. Sasa tazama matokeo ya mwaka 2000. Kijana mmoja wa Michigan alikimbia yadi zile 40 kwa sekunde 5.28, kasi ambayo hata baadhi ya majitu wa mstari wa mbele waliizidi. Picha yake ya kambini, kifua wazi, mabega yameanguka, bado inazunguka mtandaoni watu wakicheka. Makwotabeki sita walichaguliwa kabla yake. Mmoja wao, Giovanni Carmazzi, aliyechaguliwa wa 65 na San Francisco, hakuwahi kucheza mechi hata moja ya msimu wa kawaida. Kijana wetu alitajwa na New England raundi ya sita, namba 199. Alikuwa Tom Brady. Super Bowl saba.

Ukisikiliza watu leo, utadhani New England waliona kitu. Hebu fikiri: kama wangejua, wangesubiri hadi namba 199? Nao walimpita mara kadhaa. Tofauti yao ni kwamba walipompata walimpa muda.

Manning, Leaf na Bwana Polian

Kisa ninachokirudia zaidi ni cha 1998. Indianapolis Colts, wale wale waliohama kutoka Baltimore mwaka 1984, walikuwa wa kwanza kuchagua. Vijana walikuwa wawili. Peyton Manning wa Tennessee, mtoto wa Archie Manning, kwotabeki wa zamani wa New Orleans. Na Ryan Leaf wa Washington State, mwenye mwili mkubwa na mkono wa kutisha. San Diego Chargers walilipa kwa mali nyingi ili tu wapande kutoka namba tatu hadi namba mbili, kwa kuwa walijua yeyote atakayebaki watamchukua kwa furaha.

Leo mtu akisema wangeweza kukosea, tunamcheka. Wakati ule mjadala ulikuwa wa kweli, na watu wenye akili timamu waliapa kwa jina la Leaf. Meneja mkuu wa Colts, Bill Polian, hakuridhika na tetesi kwamba mkono wa Manning ni dhaifu. Walirudi kwenye filamu za pasi zao za chuoni, wakatazama tena, wakaona tofauti iliyosemwa haipo. Tarehe 18 Aprili 1998 akamchagua Manning.

Mwaka wa kwanza Manning alirusha pasi 28 zilizonaswa na wapinzani, rekodi mbaya kwa mgeni, na Colts walishinda mechi tatu tu kati ya 16. Ungemuuliza Polian Desemba ile, angekuwa na usingizi? Lakini Manning aliendelea, akawa mchezaji bora wa ligi mara tano. Leaf alishinda mechi nne katika maisha yake yote ya NFL. Baadaye alipitia uraibu wa dawa za maumivu na kifungo, kisha akasimama, na leo anazungumza hadharani juu ya afya ya akili ili wengine wasianguke alipoangukia. Kwangu mimi hilo si jambo dogo, na halikuwemo kwenye fomu yoyote.

Sisi wa huku tuna namba mbili wetu, ingawa ni wa kikapu. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili katika drafti ya NBA ya 2009 na Memphis. Wa tatu alikuwa James Harden, wa saba Stephen Curry. Kila mara nikiona orodha ile mtandaoni watu wakimkejeli Thabeet, najiuliza kosa lake ni lipi. Hakujichagua. Waliotikisa nazi ni wengine, na nazi ndiyo inayolaumiwa.

Wachumi wawili, Cade Massey na Richard Thaler, ambaye alikuja kupata Nobel ya uchumi mwaka 2017, waliandika utafiti uliosambaa tangu 2005. Walichukua wachezaji wa drafti na kuwalinganisha kila mmoja na yule aliyefuata kuchaguliwa katika nafasi yake. Mara ngapi aliyechaguliwa kwanza alimzidi aliyemfuata? Kama asilimia 52. Ukirusha shilingi unapata 50.

Turudi kwa Polian, maana kisa chake hakikuishia pale. Februari 2018, akiwa ameshastaafu na ni mchambuzi wa televisheni, aliulizwa kuhusu Lamar Jackson, kwotabeki Mweusi wa Louisville. Ndiyo, Louisville ya Unitas. Jackson alikuwa mchezaji bora wa vyuo mwaka 2016. Polian akasema kijana ageuke mpokeaji. Alitaja umbo lake na usahihi wa pasi zake. Jackson hakukimbia yadi 40 kule Indianapolis, na akasema wazi kwamba yeye ni kwotabeki, basi. Nadhani alielewa jambo: kwa mtu kama yeye, kukimbia kwa kasi kubwa kungekuwa ushahidi dhidi yake.

Makwotabeki wanne walichaguliwa kabla yake. Hata Baltimore Ravens, waliomchukua hatimaye, walimpita mara moja na kumchagua mtu mwingine namba 25. Kisha wakafanya biashara na Philadelphia, wakapanda hadi namba 32, ya mwisho katika raundi ya kwanza, wakamtaja. Aliyeendesha drafti ile kwa Ravens alikuwa Ozzie Newsome, meneja mkuu Mweusi wa kwanza katika ligi, na ilikuwa drafti yake ya mwisho. Msimu wa 2019 Jackson akapigiwa kura zote kuwa mchezaji bora wa ligi. Akarudia kutwaa tuzo hiyo msimu wa 2023. Kutoka Louisville hadi Baltimore, njia ile ile aliyopita Unitas.

Polian alikiri mwaka 2019 kwamba alikosea, na sababu aliyoitoa ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Alisema alitumia kipimo cha zamani cha kwotabeki wa jadi. Namheshimu kwa kukiri, wengi hawakiri. Lakini hebu tukitazame hicho kipimo. Nani alikitengeneza? Kilitokana na makwotabeki waliokuwepo. Na waliokuwepo walikuwa akina nani, katika ligi iliyomvua Briscoe, ikamgeuza Dickey na kumwacha Moon aende Kanada? Kipimo kilirithiwa. Mtu anaweza kukitumia bila chuki hata chembe moyoni mwake, na bado kikafanya kazi kiliyoundiwa. Huyu ni mtu yule yule aliyepata 1998, tena kwa sababu alirudi kutazama upya kile ambacho kila mtu alidhani anakijua. Mara ya pili hakurudi.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema tatizo la drafti litakwisha vipimo vikiongezeka. Vipimo vinasaidia, na Dallas walikuwa na haki ya kutaka maneno yenye maana moja. Ila mahali ambapo saa haifiki ndipo desturi inapoingia na kukaa, halafu inajiita uzoefu.

Marlin Briscoe alifariki tarehe 27 Juni 2022, akiwa na miaka 76. Tarehe 12 Februari 2023, kwa mara ya kwanza, Super Bowl ilikuwa na makwotabeki wawili Weusi walioanza pande zote mbili: Patrick Mahomes wa Kansas City, aliyechaguliwa wa 10 mwaka 2017, na Jalen Hurts wa Philadelphia, aliyechaguliwa wa 53 mwaka 2020. Timu ya Hurts ni Eagles, ile ya Bert Bell. Mechi iliisha 38 kwa 35, Mahomes akashinda. Briscoe alikosa kuiona kwa miezi isiyofika minane.